Naomba ushauri: ukaguzi wa idadi ya mabaharia melini

Wakuu wenye uzoefu wa bahari, mimi ni baharia wa sitaha katika meli ya mizigo yenye bendera ya kigeni, na karibuni tutatia nanga Mombasa. Cheti cha idadi ya chini ya mabaharia kinadai nahodha na maofisa wawili wa zamu, lakini ofisa mmoja alishuka bila kuletewa mbadala, hivyo waliobaki wanapokezana saa sita kwa sita. Katika bandari iliyopita mkaguzi alihesabu vichwa tu, mpishi na mwanagenzi wakiwamo, akaridhika; laiti angelifungua daftari la mapumziko, angeona mwezi mzima umejazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya imeuridhia, unataja mapumziko ya saa zisizopungua 10 katika kila saa 24, tena unataka jina la mlalamikaji lifichwe. Ila kwa uchache wetu, nahodha atanitambua hata nisipotajwa. Je, nimfuate mkaguzi mwenyewe, au nipitie kwa mwakilishi wa chama cha mabaharia bandarini? Na meli ikizuiliwa, mishahara yetu inakuwaje?