Naomba ushauri: waliopona saratani hawapokei tena simu zangu za utafiti

Habari zenu wakuu. Mimi niko kwenye utafiti wa saratani, nawafuatilia wanawake waliotibiwa saratani ya matiti tuone miaka ikipita afya zao zinakuwaje, maana dawa kama doksorubisini inaweza kuudhoofisha moyo miaka mingi baadaye, na waliotolewa tezi za kwapani wengine mkono unavimba hadi pete haiingii. Sasa awamu ya kwanza walijaza dodoso vizuri tu, hii ya pili simu hazipokelewi. Juzi mama mmoja kapokea akaniambia "mwanangu, kila ukipiga unanikumbusha ninachotaka kusahau", nikaishiwa maneno, nikamuaga.

Nikiwaacha ntabaki na wenye nguvu ya kuongea, matokeo yaonyeshe wote wazima kumbe waliozidiwa hawamo. Nikiwakomalia nawasumbua, na fomu ya ridhaa inasema wazi mtu anaweza kujitoa muda wowote.

Mliowahi kufuatilia wagonjwa mlifanyaje? Na wewe uliyepona, ungependa upigiwe au meseji inatosha? Bosi wangu yeye anataka namba tu, msinijibu kama yeye jamani.