Acheni kuziua maktaba za zege kwa jina la ukarabati!

Wakuu, hasira nilizonazo leo haziwezi kusubiri kesho.

Maktaba za umma zilizojengwa kati ya miaka ya 1950 na 1970, zile za zege, chuma na vioo, zikifika zamu ya kukarabatiwa yanatokea yale yale. Zege lililoachwa wazi kwa makusudi linapigwa rangi. Terazo, sakafu ya saruji na vipande vya mawe, ambayo ingeng'aa tena kwa kusuguliwa inafunikwa vigae. Dari linashushwa kwa jipsam mpaka madirisha ya juu yanazibwa nusu. Vikinga jua vinang'olewa eti vinaleta giza, kisha jua linawachoma wasomaji na fedha nyingine zinatafutwa za viyoyozi. Meza na rafu ambazo msanifu alizichora kwa ajili ya ukumbi ule ule zinapigwa mnada. Halafu utepe unakatwa na mtu anasimama kusema urithi umehifadhiwa. Umehifadhiwa nini hapo?

Jengo lingekuwa la mawe, lina kuba na miaka 200, hakuna mkandarasi ambaye angeligusa bila kibali na wataalamu kumsimamia. La miaka 50 linaitwa boksi la zege na kila mwenye zabuni anajifanyia atakavyo. Na hawawezi kusema hawakuambiwa. Docomomo, shirika la kimataifa la kutetea majengo ya usanifu wa kisasa, wanapigania majengo haya tangu 1988, na mwaka 2011 ICOMOS, baraza la kimataifa la urithi wa majengo na maeneo ya kihistoria, walitoa Waraka wa Madrid unaohusu urithi wa karne ya 20 peke yake: lijue jengo kwanza, tathmini thamani yake, ndipo uliguse, tena kwa kadiri inavyolazimu tu.

Kulijua jengo ndiko kunakorukwa kila siku. Tazameni maktaba ya Viipuri aliyoisanifu Alvar Aalto, msanifu wa Finland, iliyofunguliwa mwaka 1935 mji huo ukiwa wa Finland (leo ni Vyborg, Urusi). Dari la ukumbi wa kusomea lina matundu 57 ya duara ya kuingizia mwanga, kila moja karibu mita 1.8 kwa upana. Yana kina cha kutosha kiasi kwamba jua halipenyi moja kwa moja kugonga kitabu. Mwanga unagonga kuta za tundu, unatawanyika, unamfikia msomaji kutoka pande nyingi, na mkono wake hautupi kivuli kwenye ukurasa. Sasa aje mtu aone matundu yanavuja, ayazibe yote na kuning'iniza taa za LED. Kuta zote zitakuwa zimesimama, ila maktaba ya Aalto haitakuwepo. Baada ya vita jengo lile lilitelekezwa miaka mingi, likaharibika vibaya, na ukarabati wake ulikwenda hatua kwa hatua kuanzia miaka ya 1990 hadi 2013. Hawakuchoka. Mwaka 2014 kazi hiyo ikapewa tuzo ya World Monuments Fund, shirika la kuhifadhi urithi, na Knoll, kampuni ya samani.

Mtaniambia mahitaji yamebadilika. Ni kweli, na mimi sidai makumbusho. Mwenye kiti cha magurudumu lazima afike kila ghorofa, nyaya za zamani ni hatari, asbesto iondolewe, watoto wapate sehemu yao. Maktaba ya Martin Luther King jijini Washington, iliyosanifiwa na Mies van der Rohe na kufunguliwa 1972, ilifungwa 2017 na kurudi 2020 kwa gharama ya dola milioni 211. Ndani walibadilisha mengi: ngazi mpya za kupinda, bustani juu ya paa. Uso wake wa chuma na vioo ukaheshimiwa, na ukipita barabarani bado unaona mkono wa Mies. Mabadiliko ya namna hiyo nayakubali. Kule Atlanta, maktaba kuu iliyosanifiwa na Marcel Breuer, ya mwaka 1980, iliponea chupuchupu kubomolewa, halafu wakatoboa madirisha makubwa kwenye ukuta wa zege ambao kufumbika kwake ndiko kulikokuwa wazo zima la jengo. Wapo wanaoshangilia kwamba sasa kuna mwanga. Mimi naona kidonda.

Na hili la rangi linanichoma kuliko yote. Zege linapasuka kwa sababu maji na hewa vimefika kwenye nondo, nondo zimeshika kutu, kutu imevimba na kulisukuma nje. Rangi haiponyi kutu. Inaficha nyufa, na ikiwa ni ya aina isiyopumua inafungia unyevu ndani. Kazi ya kweli ni kugonga sehemu iliyooza, kusafisha nondo, kisha kujaza kwa mchanganyiko uliojaribiwa vipande kadhaa mpaka rangi ya mchanga na kokoto zilingane na za zamani. Ni kazi ya polepole, haipendezi kwenye picha za uzinduzi, ndiyo maana inakimbiwa.

Wengine hata hawakarabati. Birmingham, Uingereza, walikuwa na maktaba kuu iliyosanifiwa na John Madin, ya mwaka 1974. Wakajenga mpya ya pauni milioni 188 iliyofunguliwa 2013, ya zamani wakaibomoa. Kabla ya bomoabomoa kuanza, ile mpya ilikuwa tayari imepunguziwa saa za kufunguliwa kutoka 73 hadi 40 kwa wiki, kwa kukosa fedha za kuiendesha!

Ninachodai ni hiki. Kabla zabuni haijasainiwa, michoro ya awali itafutwe na iwekwe wazi, ripoti ya hali ya jengo isomwe na yeyote anayetaka, na iandikwe kipengele kwa kipengele nini hakiguswi: mwanga, zege, sakafu, ngazi, samani. Wakutubi waulizwe, maana wao ndio wanaojua pembe ipi inavuja na meza ipi wasomaji wanaigombania. Wahandisi na wasanifu mliomo humu, mliowahi kusaini kazi za hivi, njooni mseme nani huwa anaamua vikinga jua ving'olewe, na kwa vipimo gani.