Mkataba wa laini za biashara unapanda bei kila mwaka, nimebakiza miezi 12. Nivunje au nivumilie?

Mama Dagaa Kirumba
Wakuu, heshima kwenu. Nauza dagaa kwa jumla hapa mwaloni Kirumba, Mwanza. Miaka miwili iliyopita alinijia kijana wa mauzo wa kampuni moja ya simu, nikasaini mkataba wa kulipa mwisho wa mwezi: laini tatu na ruta, miaka mitatu, sh 90,000 kwa mwezi. Laini moja ninayo mimi, ya pili anayo mdogo wangu anayekusanya mzigo kisiwani Ukara, ya tatu ipo stoo. Wateja wangu wakubwa wako Lubumbashi na hawatumi hela kabla hawajaona video ya mzigo, kwa hiyo bila intaneti sifanyi kazi.

Mwaka wa pili ikawa 99,000, nikanyamaza. Juzi umeingia ujumbe kwamba kuanzia mwezi ujao ni 108,900. Nimepiga huduma kwa wateja, naambiwa ni marekebisho ya kila mwaka, na nikivunja nalipia miezi yote 12 iliyobaki.

Kinachoniuma ni kwamba ankara haijui mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawavuliwi, nakaa siku kadhaa bila mzigo, lakini tarehe ya kulipa haisogei. Dagaa leo bei juu, kesho chini. Ya hawa ni kupanda tu. Nifanyeje? Naomba kuwasilisha.

Kijana wa Nyegezi
Pole dada. Mimi nilishaachana na mikataba, nanunua kifurushi cha mwezi nikiwa na hela. Vunja.

Mhasibu Pasiansi
Kijana, usimharakishe. Akivunja leo analipa miezi 12 ya huduma ambayo hataitumia.

Dada, nimekupigia hesabu. Bei ingebaki 90,000, kwa miezi 36 ungelipa 3,240,000. Kwa ongezeko hili unalipa 3,574,800. Tofauti ni 334,800. Angalia pia kwamba asilimia 10 ya mwaka huu haikupigwa juu ya 90,000, imepigwa juu ya 99,000. Mwaka jana waliongeza 9,000, sasa 9,900. Ukisaini tena bila kuuliza itaendelea hivyo hivyo.

Kitu kingine: uliza kama 90,000 ya kijana wa mauzo ilikuwa na kodi ndani. Huduma za simu zina VAT ya asilimia 18 na ushuru wa bidhaa wa asilimia 17. Nimeona watu wakitajiwa bei bila kodi, wanakuja kushtuka kwenye ankara.

Mwanasheria wa Ilemela
Kabla ya kuvunja au kuvumilia, una nakala ya mkataba? Tafuta kifungu cha bei na kifungu cha kusitisha, utuandikie maneno yake kama yalivyo. Alichosema mtu wa simu si mkataba.

Mzaliwa wa Bugando, Leicester
Dada, shikamoo. Mimi nimekulia Bugando, sasa naishi Uingereza, na jambo hili limetutesa sana huku. Mikataba mingi ilikuwa inapanda kila mwaka kwa mfumuko wa bei ukijumlisha asilimia 3.9. Mfumuko wa Desemba 2022 ulikuwa asilimia 10.5, kwa hiyo mwaka 2023 watu wengi walipandishiwa asilimia 14.4 wakiwa katikati ya mkataba. Niliona wenzangu kazini wakilipa huku wamekunja uso.

Malalamiko yalipozidi, Ofcom, ambao ndio wasimamizi wa mawasiliano huku, walipiga marufuku. Mkataba uliosainiwa kuanzia 17 Januari 2025 hauruhusiwi kufungwa kwenye mfumuko wa bei. Kama kuna ongezeko, liandikwe kwa pauni na peni, pamoja na wakati litakapoanza, kabla mteja hajasaini. Bei bado zinapanda, ila mtu anajua mapema atalipa ngapi.

Kanuni hiyo ni ya huku, haitakusaidia dirishani Mwanza. Lakini swali lake libebe: ongezeko langu limeandikwa wapi, na ni kiasi gani?

Mama Dagaa Kirumba
Marahaba mdogo wangu, ubarikiwe. Nakala nimeipata chini ya vitabu vya stoo. Kifungu cha bei kinasema: "Kampuni inaweza kurekebisha bei kila mwaka kwa kumpa mteja taarifa ya siku 30." Asilimia haikutajwa. Na ujumbe wao umeingia zikiwa zimebaki siku 19.

Mwanasheria wa Ilemela
Hapo una pa kushika. Siku 19 si 30, wamekwenda kinyume na kifungu chao wenyewe. Andika barua leo, ambatisha picha ya ujumbe unaoonyesha tarehe, omba bei ibaki 99,000 au uruhusiwe kutoka bila kulipia miezi iliyobaki. Peleka mwenyewe, wagonge muhuri kwenye nakala yako. Wakikukatalia au wakikaa kimya, nenda TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, ofisi yao ya Kanda ya Ziwa ipo hapa hapa Mwanza. Ila watakuuliza kwanza kama ulilalamika kwa kampuni, ndiyo maana muhuri ni muhimu. Wakati huo usiache kulipa 99,000. Ukiacha, mdaiwa unakuwa wewe.

Kijana wa Nyegezi
Nimeelewa, nafuta neno langu la vunja. Dada, ukishatoka usiogope kupoteza namba ambazo wateja wa Lubumbashi wanazo. Tangu 2017 mtu anahama mtandao na namba yake. Unamaliza deni, unaenda kwa wakala wa mtandao unaotaka kuhamia.

Mama Dagaa Kirumba
Mrejesho. Nimepeleka barua, mapokezi walitaka kuichukua bila kugonga muhuri, nikasimama pale pale mpaka wakagonga. Leo amenipigia meneja wao: ongezeko la mwezi ujao limesitishwa, na amekubali laini ya stoo iondolewe kwenye mkataba. Nimemwambia aniandikie, maneno ya simu siyataki tena. Bado nasubiri hiyo barua. Isipofika kufikia Ijumaa, Jumatatu asubuhi naenda TCRA.

Mhasibu, kuhusu kodi nimeuliza. 90,000 ilikuwa na kodi ndani, hapo hawakunidanganya.

Mhasibu Pasiansi
Vizuri. Barua ikifika, angalia kama imetaja bei ya miezi yote 12 au ya mwezi ujao tu.