Naomba ushauri: geti la maduka limekaa karibu mno na zebra ya wanafunzi

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri wenu.

Huku kwetu Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Bagamoyo, kuna jengo la maduka lenye supamaketi. Geti la kutokea magari liko hatua chache tu kutoka kwenye zebra wanayovukia watoto wa shule ya msingi, na rangi ya zebra yenyewe imeshafutika. Jioni bajaji na bodaboda hujipanga pale pale ukingoni kusubiri abiria, kwa hiyo dereva anayetoka getini hamwoni mtoto mpaka ameshaingia barabarani. Juzi binti mdogo mwenye begi kubwa mgongoni alikoswakoswa na gari, akaganda katikati ya barabara akilia. Inaniuma sana.

Wazazi tumeongea na mwenyekiti wa mtaa, akasema tuandike barua. Walinzi wa getini wanasema barabara haiwahusu.

Naomba kujua: barua ya kuomba zebra ichorwe upya tuipeleke TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania) moja kwa moja kwa kuwa hii ni barabara kuu, au lazima ipitie halmashauri? Na je, mwenye jengo anaweza kulazimishwa kuhamisha geti? Aliyewahi kufuatilia jambo kama hili anielekeze, tafadhali.