Naomba ushauri: klabu yetu ya Kisauni ipate pesa wapi zaidi ya kiingilio?

Ndugu zangu, hamjambo. Tuko watu sita, tunamiliki klabu ya mpira ya mtaani hapa Kisauni, Mombasa. Kiingilio hakitoshi hata nauli ya matatu. Juzi mama mmoja ametushonea jezi zilezile mara ya tatu, namba tisa imebaki nusu.

Nimewasoma Fenway Sports Group, kampuni ya Marekani inayomiliki timu za michezo. Walichukua timu ya besiboli ya Boston Red Sox mwaka 2002, wakanunua Liverpool 2010, halafu timu ya hoki ya barafu ya Pittsburgh Penguins 2021. Lakini kilichonigusa hasa ni hisa zao kwenye televisheni inayoonyesha mechi zao, na uwanja wao kufanyiwa matamasha. Mechi isipokuwepo, pesa bado inaingia.

Sisi tuanzie wapi: akademia ya watoto, jezi za kuuza, au kibanda cha kuonyeshea mpira? Na hisa tugawane vipi bila kugombana?