Mnaounga fyuzi ya joto ya draya kwa waya, mnawalaza watu na moto ndani ya nyumba

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko na maneno sitayapunguza makali.

Draya, yaani mashine ya kukausha nguo, imegoma. Fundi anafika, anafungua bati la nyuma, anapima fyuzi ya joto, anaikuta imekata. Hapohapo anazichomoa waya zake mbili, anaziunga pamoja, mashine inazunguka, anachukua hela yake na kuondoka. Hajauliza fyuzi imekata kwa nini. Hajagusa hata bomba la hewa. Huo si ufundi, ni hatari kwa kila anayelala humo.

Fyuzi ya joto ni kidude kidogo kilichokaa kwenye njia ya hewa, mara nyingi juu ya nyumba ya feni. Joto likipita kiwango chake inakata, na ikishakata hairudi. Kwenye draya nyingi za kutoa hewa nje, kiwango hicho ni kama nyuzi 90 za sentigredi. Hewa inayotoka kwenye drumu haipaswi kufika huko, maana thamostati ya kawaida (swichi inayodhibiti joto) huzima hita mapema zaidi. Ikikata, basi kuna kilichosababisha: hewa haitoki, au thamostati imeganda na haiachii, au koili ya hita imelegea ikagusa bati na kuendelea kuwaka wakati usio wake. Ukiiunga kwa waya, chanzo kimebaki palepale na mlinzi umemwondoa. Kilichojaa kuizunguka hita ni nyuzi kavu za nguo, na nyuzi hizo zinashika moto haraka sana.

Mara nyingi mkosaji ni hewa, na kuithibitisha hakuhitaji kifaa chochote. Kama draya ni ya umeme (ya gesi usijaribu hili), chomoa bomba nyuma yake, iwashe na nguo mbichi, uangalie. Nguo zikikauka vizuri bila bomba, tatizo ni bomba. Halafu kazi yenyewe ifanyike: bomba lisafishwe kwa brashi ndefu toka mwanzo hadi mwisho, na kile kifuniko cha nje kifunguke chenyewe mashine ikipuliza. Bomba liwe la chuma kigumu, laini ndani, upana wa milimita 100. Yale ya plastiki na ya foili yanayojikunja yatupeni. Mikunjo ndiyo inayokusanya nyuzi. Viungio vifungwe kwa tepu ya foili, si kwa skrubu ndefu ambazo ncha zake zinatokeza ndani na kunasa kila kinachopita. Wala msiweke wavu kwenye tundu la nje, unaziba upesi sana. Urefu nao una mpaka: kanuni ya ujenzi wa makazi inayotumika sana Marekani inaishia kama mita 10.7, na kila kona ya kawaida ya nyuzi 90 inapunguza karibu mita 1.5. Mtu amefunga kona nne nyuma ya ukuta, halafu analaumu hita!

Filta nayo inadanganya macho. Inaonekana safi, kumbe karatasi za kulainishia nguo zimeacha utando. Mwagia maji: yakituama juu ya wavu badala ya kupita, isugue kwa brashi laini na sabuni, ikauke ndipo uirudishe.

Sasa hili la kubadilisha vipuri kwa kubahatisha. Draya haizunguki, jibu ni "bodi imekufa". Bodi, ile saketi ya umeme inayoongoza mashine, ni kipuri cha gharama, na mara nyingi haina kosa. Chomoa plagi kwanza, kisha upime kwa mpangilio. Swichi ya mlango: ukiibonyeza, mita ya kupimia umeme, ikiwa kwenye omu (kipimo cha ukinzani), isome karibu sifuri. Mkanda: zungusha drumu kwa mkono; ikiteleza kirahisi bila uzito, mkanda umekatika, na modeli nyingi zina swichi chini ya puli ya kukazia inayozuia mota kuwaka mkanda ukikosekana. Mota inanguruma bila kuzunguka: angalia kama feni imekwama kwa soksi au nyuzi, kisha kapasita (kidude kinachohifadhi chaji ya kusaidia mota kuanza) kama ipo (itoe chaji kabla ya kuigusa), ndipo uishuku mota. Inazima katikati ya kazi na kukubali tena ikipoa: kinga ya mota inakata kwa joto, kwa hiyo safisha nyuzi zilizoizonga na ukague beringi zake.

Inazunguka ila haina joto: kwenye mifumo ya volti 240 yenye laini mbili, kama ya Marekani, breka moja ikikata mota inaendelea na hita inalala. Anzia kwenye breka. Hita yenyewe ipimwe kwa hesabu: volti mara volti, gawanya kwa wati. Ya wati 5400 kwa volti 240 itasoma kama omu 10 hadi 11. Ya wati 2500 kwa volti 230, kama 21. Kisha kati ya koili na bati lake mita isisome kitu kabisa. Ikisoma, hita hiyo itupwe.

Na watengenezaji nao hawana utetezi. Fyuzi ndogo mnaifungia ndani ya kibati kizima cha hita na kutuuzia kibati, kisha mnashangaa watu wanaunga waya?

*

Mchangiaji wa 2: Umesema kweli mkuu. Niongeze za gesi. Ikiwaka vizuri mara ya kwanza, halafu isirudi kuwaka, koili za vali ya gesi ndizo zimechoka: zikipata moto hazifungui tena. Kiwashio kinawaka chekundu, kinazima, gesi haiji. Watu wanabadilisha kiwashio bure.

*

Mchangiaji wa 3: Zile zisizo na bomba la nje pia zinaonewa. Taa ya tangi la maji inawaka na tangi ni tupu: safisha kidimbwi cha chini, boya na pampu, nyuzi zimejaa humo. Nguo zikitoka na unyevu huku mashine inasema imemaliza, futa vile vibati viwili vya kihisi ndani ya drumu kwa kitambaa chenye siki. Utando wa kilainishi ndio unaovipotosha.

*

Mchangiaji wa 4: Mkuu, kuiunga kwa muda ili kupima tu, nako kuna ubaya?

*

Mwanzisha uzi: Hakuna haja. Chomoa plagi, toa waya mmoja kwenye fyuzi, weka mita. Nzima itasoma karibu sifuri, iliyokata haitasoma kitu. Umeshapata jibu bila kuwasha chochote. Nunua yenye namba ileile ya kipuri, na thamostati ibadilishwe pamoja nayo kama inauzwa kwenye seti moja. Bomba lisafishwe siku hiyohiyo, kabla plagi haijarudi ukutani.