Kwa nini wafanyakazi wangu hunificha tatizo hadi liharibike kabisa?

Mkamuaji wa Kizota:

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaendesha kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti hapa Kizota, Dodoma, chenye wafanyakazi 14. Mbegu zetu nyingi hutoka Singida na Kondoa, na msimu ukishika mashine hazilali. Nina swali nililolibeba tangu mwaka jana, nami naomba nijibiwe bila kuonewa haya.

Msimu uliopita kitambaa cha kuchujia mafuta kilichanika. Kwa siku nne mafuta yalitoka na mashapo, yakajazwa kwenye madumu ya lita 20, yakapakiwa, yakauzwa. Mimi nilijua madumu yalipoanza kurudishwa. Nilipofuatilia nikakuta watu sita walikuwa na habari tangu siku ya kwanza. Nikamwita fundi wa mashine, mtu mzima aliyenizidi umri, nikamuuliza kwa nini hakusema. Alinyamaza kidogo, akawa anafuta mikono kwa tambara, kisha akaniambia: "Bosi, tulikuwa tunasubiri siku utakayokuja umetulia."

Baadaye nikabaini jambo lililoniumiza zaidi. Kila asubuhi, nikishaingia, wafanyakazi humuuliza mlinzi wa geti hali yangu. Akisema "kumetulia", huja ofisini na shida zao. Akisema "leo kuna vumbi", hakuna anayekanyaga mlangoni kwangu. Yeye hunipima kwa jinsi ninavyopiga honi.

Sijawahi kumpiga mtu wala kumkata mshahara kwa hasira. Ila ni kweli kwamba nina hofu ya kuibiwa. Baba yangu alikuwa na ghala la nafaka, likafilisika nikiwa darasa la tano kwa sababu mtu aliyemwamini alikuwa akitoa magunia usiku. Toka wizi huo uanze kushukiwa, kabla ghala halijaanguka, nikawa ninatumwa kuhesabu magunia kila jioni, na hesabu isipotimia nyumba nzima ilikosa usingizi. Leo hii ninahesabu madumu mara tatu kwa siku, na funguo za stoo ninalala nazo. Je, yawezekana hofu hiyo ya utotoni ndiyo inayowafunga midomo watu wazima 14? Kama ndivyo, nianzie wapi?

Mhadhiri wa Ng'ong'ona:

Pole sana, kaka, na hongera kwa kusema wazi jambo ambalo wengi hulificha hata kwa wake zao. Jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, inawezekana, na limeandikwa sana. Mwaka 1984 Manfred Kets de Vries, Mholanzi aliyebobea katika uongozi na uchambuzi nafsi, pamoja na mtafiti mwenzake Danny Miller, walieleza kwamba pale ambapo madaraka yamekusanyika kwa mtu mmoja, mazoea ya moyo wake huhamia katika taasisi yenyewe. Walitaja sura tano: taasisi yenye shaka, inayong'ang'ania utaratibu, inayopenda kuonekana, iliyokata tamaa, na iliyojitenga. Ile yenye shaka hutumia nguvu nyingi kukagua na kukusanya habari, huku watu wake wakijifunza kwamba habari ni silaha ya kumnasa mtu, na kwa hiyo kila mmoja huifungia ya kwake.

Naomba uzingatie hapa, kwa sababu wengi hudhani dawa ni kutabasamu zaidi. Hofu ikikaa miaka mingi haibaki usoni tu, huingia kwenye madaftari, kwenye saini na kwenye funguo. Miaka ya 1950 Isabel Menzies alichunguza huduma ya uuguzi katika hospitali moja kubwa ya London, na akaeleza jinsi wasiwasi wa kazi ile ulivyogeuka kuwa kukagua na kukagua tena, na kukatakata majukumu hadi muuguzi asimjue mgonjwa wake vizuri. Utaratibu ule uliwekwa ili kupunguza wasiwasi, nao ukauzalisha upya kila siku. Wewe nawe unaweza kuja kesho umetulia kabisa, lakini daftari la kuhesabu mara tatu litaendelea kuwaambia watu wako kile ulichokuwa ukiwaambia kwa honi.

Basi ningeanzia huko. Chukua kila daftari na kila saini, ujiulize imezuia nini hasa tangu iwekwe. Usiyafanye hayo peke yako ofisini. Yafanye na yule fundi, maana ameshakuonyesha kwamba anaweza kukuambia ukweli.

Dalali wa Kibaigwa:

Kwa heshima zote, mwalimu, mimi naomba kutofautiana kidogo. Wizi upo. Nimekaa sokoni Kibaigwa miaka mingi, nimeona lumbesa, nimeona mizani iliyochezewa, na nimeona vijana wazuri wakiharibika kwa sababu bosi alikuwa hahesabu. Baba wa ndugu yetu hakufilisika kwa ndoto, alifilisika kwa magunia ya kweli. Tusimwambie mtu aache kuhesabu mali yake eti kwa sababu ana jeraha la utotoni.

Ila nakubali jambo moja. Mizani ikiwekwa uwanjani, mnunuzi, mkulima na mpakiaji wakausoma mshale pamoja, hakuna anayeona ametuhumiwa. Ukipima mwenyewe chumbani halafu ukatoka na uso umekunjwa, kila mtu ataanza kujikagua mifuko hata kama hana kitu. Hesabu, ndugu yangu, lakini wahesabu pamoja nawe.

Muuguzi wa Manyoni:

Kaka, mimi nimewahi kuongoza wodi, na vumbi langu lilikuwa la aina nyingine. Sikuwa mkali hata siku moja. Nilikuwa mtu wa kunyamaza. Nililelewa katika nyumba ambayo mtoto akilia aliambiwa ajikaze, kwa hiyo aliyeniletea shida nilimsikiliza bila kunyanyua macho kwenye faili, nikamwambia "sawa". Nilidhani huo ndio utulivu. Siku moja msichana aliyekuwa mafunzoni alimpa mgonjwa dozi ya saa mbili usiku mara mbili. Mgonjwa hakudhurika, namshukuru Mungu, lakini nilikuja kusikia habari hiyo baada ya wiki tatu, tena kwa mpishi. Nilipomuuliza yule binti, alisema hakuniogopa, ila hakujua kama mimi ni mtu wa kuambiwa.

Neno hilo bado liko nami. Ndiyo maana nilivutiwa sana niliposoma utafiti wa Amy Edmondson wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1996, kuhusu makosa ya dawa hospitalini. Alitarajia timu zenye uhusiano mzuri ziwe na makosa machache, akakuta idadi iliyorekodiwa kwao ni kubwa zaidi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba walikuwa tayari kuyasema, na namna kiongozi wa wodi alivyoyapokea ilichangia sana.

Kwa hiyo, ukianza kubadilika, usishtuke matatizo yakionekana kuongezeka. Mengi yalikuwepo siku zote. Jiandae kwa la kwanza litakaloletwa, kwa sababu wenzako wote watakuwa wanaangalia aliyelileta amepokewaje.

Mkamuaji wa Kizota:

Nawashukuru sana, dada zangu na mzee wangu wa Kibaigwa. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza nifanye kitu ndipo niandike.

Nilikaa na fundi kwenye benchi karibu na mashine, si ofisini, tukapitia madaftari yote matano. Mawili hatukuweza kukumbuka yaliwekwa kwa sababu gani, tumeyafunga. Kuhesabu madumu sasa ni mara moja, jioni, mimi na mpakiaji tukiwa pamoja, na kila mmoja anaandika namba yake kabla ya kuonyeshana. Funguo moja ya stoo iko kwa fundi. Sitawadanganya, usiku wa kwanza niliamka saa nane nikapapasa chini ya mto kuitafuta.

Leo asubuhi, nikiwa bado sijazima gari, fundi alinifuata mwenyewe. Akasema mlio wa mashine ya pili umebadilika tangu Jumatatu. Leo ni Alhamisi. Nilihisi joto likipanda shingoni kama ilivyo kawaida yangu, na neno "Jumatatu?" lilikuwa tayari mdomoni.

Muuguzi wa Manyoni:

Ukamjibu nini?

Mkamuaji wa Kizota:

Nilimwomba anipeleke nikausikie huo mlio. Tukasimama pale, yeye akaweka mkono wangu juu ya bodi ya mashine ili niuhisi mtetemo, kisha nikamuuliza beringi ya namna hiyo tutaipata duka gani.

Amekwenda kuinunua. Nilimpa fedha taslimu, na sikuzihesabu mara ya pili.